Shajara ya mradi: kumimina upya beringi ya konrodi ya injini ya zamani, Kayenze

Injini inayoendesha mashine ya kusaga ya shangazi yangu huko Kayenze, Mwanza, ni ya dizeli, silinda moja, mwendo wa pole, yenye magurudumu mawili mazito ubavuni. Kibao cha jina kimelika hadi hakisomeki. Watu wengi wa mashine wanaijua Lister iliyotengenezwa Dursley, Uingereza, ile ya nguvu farasi 6 kwa mizunguko 650 kwa dakika. Hii inafanana nayo kwa mbali tu. Beringi za Lister tulizojaribishia hazikukaa. Isitoshe, kipini cha krenki, kile kinachokumbatiwa na beringi ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki), kilishakerezwa na fundi wa miaka iliyopita, kikabaki na kipimo ambacho hakuna duka linalokiuza.

Njia iliyobaki ni kumimina upya metali nyeupe, yaani babiti, metali laini ya beringi, ndani ya maganda ya zamani, vile vipande viwili vya shaba vinavyoibeba. Ni kazi iliyokuwa ya kawaida katika karakana nyingi kabla ya beringi za kununua kuenea. Naandika hatua kwa hatua ili mwenye injini ya namna hii aweze kuifuata. Injini nzima zinakatwa na kuuzwa skrepa kwa sababu ya utando wa metali usiozidi gramu mia tatu na kidogo, na hilo linaniuma.

11 Januari 2025. Kufungua

Injini ilianza kugonga wakati wa kusaga mahindi, shangazi akaizima palepale. Uamuzi huo ndio uliookoa krenki. Ndani tumekuta ganda la juu la konrodi limepoteza karibu nusu ya metali yake, vipande viko chini kwenye oili. Ganda la chini lina nyufa lakini metali bado ipo.

Ganda la juu ndilo linalopokea pigo la kila mwako, kwa hiyo ndilo linalotangulia kufa. Ila vipande vilivyodondoka vimenieleza zaidi: mgongo wake ni laini na mweusi, hauna alama yoyote ya kushikana na shaba ya ganda. Metali haikuchakaa. Iliachia ganda, ikabaki inachezacheza, ikapasuka.

Kipini kimesuguliwa kwa mkanda wa msasa laini na oili. Maikromita inasoma milimita 53.62 upande mmoja na 53.60 upande wa pili. Tofauti ya 0.02 naikubali, kukereza krenki tena ni gharama na ni kuipunguzia nguvu.

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni. "Baba, kama haiwezekani niambie mapema. Nimeshaulizia ya Kichina, wanataka milioni moja na laki tatu na nusu." Nimemwomba asubiri hadi masika yaishe.

18 Januari. Metali hii ni ipi?

Babiti ziko za aina mbili kubwa. Moja msingi wake ni bati, nyingine msingi wake ni risasi. Ya kwanza ndiyo ya Isaac Babbitt, sonara wa Taunton, Massachusetts, aliyeitoa mwaka 1839: sehemu kubwa bati, kisha antimoni na shaba kidogo. Ya risasi ni rahisi kwa bei na inatosha mashine nyepesi, lakini kwa pigo la dizeli huvumilia kidogo.

Kuzitofautisha hakuhitaji maabara. Nimekwenda kwa sonara mjini mwenye mizani ya gramu. Kipande kikavu: gramu 61.2. Kikining'inizwa kwa uzi ndani ya maji: 52.9. Kimepungua 8.3. Ukigawa 61.2 kwa 8.3 unapata 7.37. Babiti ya bati iko karibu na 7.4, ya risasi inazidi 9. Jibu limepatikana: ni bati, na nitarudishia bati.

Mzee mmoja wa Mabatini, hapa Mwanza, fundi wa kulehemu marejeta tangu ujana, alinishauri niyeyushe sahani za betri za gari. Nilimsikiliza kwa heshima, maana alikuwa ananionea huruma ya pesa, lakini sikufuata na naomba wewe pia usifuate. Sahani za betri zimejaa salfeti ya risasi na asidi, vumbi lake linaingia mwilini na halitoki kirahisi, na watoto wanaocheza karibu na jiko ndio wanaoumia kwanza. Betri nyingi za siku hizi pia zina kalsiamu kwenye sahani. Takataka ya kalsiamu ikikutana na antimoni au arseniki na unyevu hutoa gesi zinazoua.

Kuna sababu ya kiufundi pia. Bati na risasi zikichanganyika hufanya sehemu zinazoyeyuka kwa nyuzi 183 tu. Risasi kidogo ndani ya babiti ya bati inakuachia madoa dhaifu yanayolegea injini ikipata moto. Kwa hiyo kila chombo katika kazi hii, yaani sufuria, upawa na fimbo ya kukorogea, kisiwe kimewahi kugusa risasi.

1 Februari. Vifaa na bei

Bati lenyewe linachimbwa jirani zetu Kyerwa, mkoani Kagera, lakini linatoka kama mchanga wa madini unaohitaji kuyeyushwa kwa mkaa kwanza, na biashara yake ina vibali vyake. Mabati ya kuezekea hayahusiki kabisa. Hayo ni chuma kilichopakwa zinki, na zinki ni sumu kwa babiti. Nimenunua miche ya lehemu isiyo na risasi, bati asilimia 99.3 na shaba 0.7, ambayo mafundi wa elektroniki wanaijua. Kilo moja na nusu, 210,000.

Antimoni imetoka Dar es Salaam kwa basi, 60,000 pamoja na nauli ya kifurushi. Multimita yenye waya wa kupimia joto, 45,000. Asidi ya kusafishia, 8,000. Mkaa, 20,000 hadi kazi ilipokwisha. Maikromita nimeazimwa.

Waya wa kupimia joto nimeuhakiki kwanza. Kwenye maji yanayochemka umesoma 96, na mtu wa pwani angeutupa. Hapa Mwanza tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwa nyuzi 96 hivi, kwa hiyo uko sawa. Kwa joto la juu nimeyeyusha kipande cha mche wa lehemu na kukiacha kipoe. Joto hushuka, kisha husimama kwa muda wakati metali inaganda, halafu huendelea kushuka. Lehemu hii huganda kwa 227. Multimita ilisimama kwenye 231. Basi kila namba ninayoandika hapa chini nimeshaipunguza nyuzi 4.

8 Februari. Kuyeyusha mchanganyiko

Hesabu ya gramu 1,200: mche wa lehemu 1,075, antimoni 90, waya wa shaba 35. Ukijumlisha shaba iliyomo tayari kwenye lehemu unapata bati karibu asilimia 89, antimoni 7.5 na shaba 3.5.

Shaba huyeyuka kwa nyuzi 1,085 na antimoni kwa 631, lakini hakuna haja ya kufika huko. Bati lililoyeyuka huzila zote mbili taratibu kama utazipa muda. Nilipanga nyuzi 450.

Shaba ilikataa. Waya ulikuwa wa mota iliyoungua, nao una vanishi juu yake. Ulizama chini ya sufuria ukakaa huko mzima, huku juu ukifanyika utando mzito wa oksidi. Dawa ilikuwa kuutoa, kuuchoma hadi vanishi iishe, kuuchovya kwenye asidi ukawa mwekundu safi, kuusuuza, kuukausha juu ya jiko na kuukata vipande vya urefu wa punje ya mchele. Baada ya hapo uliyeyuka huku nakoroga kwa fimbo ya chuma, na ubani wa msonobari kidogo juu ya metali kuzuia hewa.

Antimoni inapondeka kwenye kinu kama kioo. Fanya nje, upepo ukiwa mgongoni, barakoa usoni, na kinu hicho kisirudi jikoni kamwe.

Niliumimina mchanganyiko katika vipande vidogo vya kuhifadhi. Ukivunja kimoja, ndani kina chembe laini za rangi ya fedha.

15 Februari. Kusafisha maganda

Hapa ndipo nataka msomaji apunguze mwendo. Kila niliyemuuliza alitaka kujua siri ya mchanganyiko na joto la kumiminia. Mimi naamini uhai wa beringi unaamuliwa kabla hujawasha jiko la kumiminia, kwenye uso wa ganda. Beringi ya awali ilikufa hapo.

Metali ya zamani iliyobaki imeyeyushwa ikadondoka. Chini yake shaba ilionekana safi, nikaipaka fluksi, dawa inayosaidia metali kushika, na kujaribu kuitandikia bati, yaani kuipa utando mwembamba wa bati wa kushikia babiti. Lilishika nusu. Nusu nyingine ilibaki na madoa meusi ambayo bati liliyakimbia. Nikasugua na kupaka tena, yakarudi palepale.

Sababu ni oili. Shaba ya kusubu ina vitundu, na maganda haya yameogelea kwenye oili kwa miongo. Ukiyapasha moto, oili inatoka jasho hadi juu na kukuharibia uso uliokwisha kuusafisha. Sabuni haifiki huko ndani. Kilichosaidia ni kuchemsha maganda kwenye maji ya magadi makali kwa saa kadhaa, kisha kuyapasha taratibu juu ya mkaa hadi yafuke moshi, kufuta, kuacha yapoe, na kuyarudisha kwenye magadi. Narudia hadi moshi unapokoma. Mwisho, uso wote ukakwanguliwa kwa ncha ya tupa mpaka shaba mpya ikaonekana, na baada ya hapo hakuna kidole kilichougusa.

Fluksi nimeitengeneza mwenyewe: zinki ya makopo ya betri za tochi ndani ya asidi ya hidrokloriki hadi iache kuchemka. Gesi inayotoka ni haidrojeni, kwa hiyo mbali na moto na nje ya nyumba.

22 Februari. Mmimino wa mwanzo: umeachia

Kiini cha katikati, kinachoacha nafasi ya kipini, ni bomba la chuma lililokerezwa kuwa milimita 50, ili metali ibaki nene ya kutosha kukerezwa baadaye. Fundi wa kukereza Nyakato, 25,000. Nimekifukiza kwa masizi ya kibatari ili babiti isishike. Ganda linasimamishwa wima, kiini mahali pake, na pembe zote zinazibwa kwa udongo.

Bati lilitandikwa vizuri safari hii, uso mzima unang'aa. Kisha tukaanza kufunga kiini, kuziba udongo, kunyoosha. Ilipofika wakati wa kumimina, ganda lilisoma nyuzi 90 na bati lake lilikuwa limegeuka manjano hafifu. Babiti ilikuwa 430, joto sahihi kabisa, na halikusaidia kitu.

Kwa macho beringi ilipendeza. Ukiigonga kwa kipande cha chuma inatoa mlio mfu. Iliyoshika hulia kama kengele. Nikafanya kipimo cha pili: nimeiloweka kwenye mafuta ya taa usiku kucha, nikaifuta ikakauka, nikapaka unga wa chaki mpakani mwa metali na ganda. Baada ya muda mfupi mstari wa mafuta ulijichora kwenye chaki karibu mzunguko mzima. Yaani kuna upenyo nyuma. Nimeichomoa kwa patasi, ikatoka kipande kimoja.

Rangi ile ya manjano ni oksidi. Bati likishaganda na kuoksidika, babiti inaganda juu yake bila kuungana. Kinachotakiwa ni bati la kwenye ganda liwe bado linatiririka babiti inapoingia, ili viungane vikiwa majimaji vyote viwili. Kwa hiyo mpangilio wote umegeuzwa: kiini, vibano na udongo viwe tayari, vimekauka na vina moto, kisha ganda litandikwe bati na liwekwe mahali pake na mmimino ufuate mara moja. Lakini usiliweke ganda motoni muda mrefu kwa hofu ya kupoa; bati na shaba vikikaa pamoja kwenye joto huzaa tabaka gumu linalovunjika, na utakuwa umerudi kulekule.

8 Machi. Mmimino mwingine: umeshika, lakini metali ni mbovu

Ganda nyuzi 270, bati majimaji, babiti 520. Joto hilo lilipanda kwa sababu mkaa ulikuwa mkavu na upepo wa ziwa ulivuma kwenye jiko wakati tunahangaika na kibano. Tukamimina hivyohivyo, tukaacha ipoe yenyewe taratibu.

Mlio ulikuwa mzuri. Kipimo cha chaki kilionyesha upenyo mfupi upande mmoja tu. Ila nilipokata kinundu cha metali iliyozidi juu na kukivunja, nilikuta chembe kubwa zinazometameta, nyingi zikiwa zimejikusanya juu.

Maelezo yake ni haya. Babiti inapopoa, kitu cha kwanza kuganda ni vijisindano vya shaba na bati, ambavyo hupishana na kufanya wavu. Baadaye vinakuja vijichemraba vigumu vya antimoni na bati, na hivyo ni vyepesi kuliko majimaji yaliyobaki, vinataka kuelea. Wavu wa vijisindano ndio unaovizuia. Ukipoza polepole mno kutoka joto la juu mno, vijichemraba vinakua vikubwa na kupanda. Juu panakuwa pagumu na panavunjika, chini panabaki palaini. Beringi ya namna hiyo ingeweza kusaga miezi michache, kisha ikapasuka katikati ya msimu wa mavuno.

Na ule upenyo wa upande mmoja? Babiti husinyaa inapoganda. Ikianza kuganda upande wa kiini, inajivuta kuelekea huko na kulivuta ganda liachie. Inatakiwa ianze kuganda kwenye ganda. Kwa hiyo kiini kiwe na moto kuliko ganda, na mara baada ya kumimina ganda lipozwe kutoka mgongoni.

Nimelivua lote. Metali hii nitaitumia tena kwa kuichanganya na mpya, haijachafuka.

15 Machi. Udongo na mvua

Masika yameingia na udongo wa ufukweni niliokuwa naziba nao haukauki. Katika kujaribu kwenye ganda bovu, metali ilitema cheche na kuacha vitundu kwenye ukingo wa chini. Maji yakinaswa chini ya metali ya nyuzi 400 yanageuka mvuke papo hapo, na metali inarushwa usoni. Hakuna kumimina bila miwani, glavu za ngozi, viatu vya kufunika na suruali inayoshuka juu ya viatu.

Nimebadilisha: udongo wa kichuguu uliochekechwa, na majivu laini theluthi moja. Haupasuki sana unapokauka. Unapakwa siku moja kabla, unakaushwa juu ya mkaa wa kufifia usiku, na kabla ya kumimina naweka kioo baridi juu yake. Kioo kikipata ukungu, bado kuna maji. Kazi inaahirishwa, hata kama wasaidizi wamekwisha kufika.

22 Machi. Uliokubali

Kiini kilipashwa hadi 300 kwa mkaa uliotiwa ndani ya bomba lenyewe. Wazo hilo ni la yule mzee wa Mabatini, aliyekuja kutazama na kubaki kusaidia. "Kijana, mbona unapasha nje wakati tumbo liko wazi?" Amerahisisha kazi yote.

Ganda lilitandikwa bati kwa 270, likafutwa kwa kitambaa cha pamba ukabaki utando wa kung'aa, likaingia kwenye kibano. Babiti ilikuwa 425. Kama huna kipimajoto, kijiti kikavu cha msonobari kikichovywa kinapaswa kugeuka kahawia bila kuwaka. Nimelinganisha na multimita na vinakubaliana.

Mmimino ulikuwa mmoja, mfululizo, bila kukatika, upawa ukiwa karibu na mdomo wa nafasi. Waya wa chuma wenye moto ulipandishwa na kushushwa ndani ya metali kutoa hewa, huku naongeza metali juu kadiri inavyosinyaa. Wakati huohuo mzee akapaka kitambaa kibichi mgongoni mwa ganda, kuanzia chini kwenda juu. Maji hayafiki kabisa upande wa metali; huu ni mkono wa mtu mtulivu, usimpe anayebabaika.

Mlio ni wa kengele. Chaki imebaki kavu mzunguko mzima baada ya usiku kwenye mafuta ya taa. Kinundu kilichovunjwa kina chembe laini, juu na chini sawa. Ganda la pili tulilimimina siku hiyohiyo kwa mtindo uleule, nalo likakubali. Yote mawili yameoshwa kwa maji ya moto yenye magadi, kwa sababu fluksi ya zinki ikibaki inaendelea kula chuma.

5 Aprili. Kukereza

Nyakato tena, 50,000. Maganda yamefungwa pamoja ndani ya konrodi, na shimu za shaba nyembamba zikiwekwa kati yake kila upande ili baadaye nafasi iweze kurekebishwa. Tundu limekerezwa hadi 53.60, sawa na upande mwembamba wa kipini, libaki la kukwangulia. Fundi alitaka kumaliza kwa msasa. Nilimwomba asifanye hivyo: chembe za msasa huzama kwenye metali laini, zikakaa humo zikisaga krenki maisha yote.

Pembe zinapokutana maganda mawili zimetiwa mteremko mdogo ili oili iingie. Mfereji wa oili unaanzia kwenye tundu la juu na kuishia kabla ya ukingo. Ukiufikisha ukingoni, oili inatoka pembeni badala ya kubebwa chini ya kipini.

12 Aprili. Kukwangua

Kikwangulio ni tupa ya pembe tatu iliyosagwa meno yote na kunolewa kwenye jiwe la mafuta. Ili kuona panapogusa unahitaji rangi nyembamba kwenye kipini. Bluu ya kufulia iliyosagwa kwenye oili ni chembechembe mno, inaonyesha mguso hata mahali ambapo haupo. Masizi ya kibatari yaliyochanganywa na matone ya oili ya injini yalifanya kazi vizuri kabisa.

Unapaka kipini, unafunga konrodi, unazungusha kidogo, unafungua, unakwangua penye weusi, unarudia. Mwanzo kulikuwa na mguso kwenye kingo tu. Ni kazi ya siku nzima na haina njia ya mkato. Nimeacha pale ambapo madoa madogo yalikuwa yametapakaa karibu uso wote wa ganda la juu.

Nafasi ya oili: kanuni ya zamani ni elfu moja ya inchi kwa kila inchi ya kipenyo. Kwa kipini hiki ni milimita 0.05 na kidogo. Nilipima kwa uzi mwembamba wa lehemu uliowekwa kati ya kipini na ganda, bolti zikakazwa kabisa, kisha zikafunguliwa na uzi uliobonyea ukapimwa: 0.08. Nikatoa shimu ya 0.025 kila upande. Kipimo kipya: 0.055.

26 Aprili. Kuwasha

Kayenze, bila mkanda wa mashine. Oili mpya namba 40, na kabla ya kufunga tumemimina oili kwa mkono kwenye tundu la konrodi. Injini ilishika, tukaiacha kwenye mwendo wa chini kabisa. Baada ya dakika ishirini tumeizima, tukafungua mlango wa pembeni na kugusa kichwa cha konrodi: vuguvugu, mkono unakaa bila shida. Tumefungua beringi. Madoa mawili yaliyong'aa kupita mengine, yamekwanguliwa mepesi, tumefunga tena.

Kisha saa nzima bila mzigo, halafu mahindi kidogo ya kusaga kwa nusu ya kasi ya kulisha. Shangazi mwenyewe ndiye aliyeshika debe. Wiki ya kwanza asisage kwa kujaza, na oili ibadilishwe wiki ikiisha.

Jumla ya matumizi ni 418,000, bila kuhesabu nauli za Kayenze wala muda wangu. Karibu nusu ni bati. Babiti iliyobaki inatosha jozi nyingine ya ukubwa huu.

31 Mei. Ukaguzi

Tumefungua baada ya mwezi wa kazi ya kawaida. Oili ya zamani ilichujwa kwa kitambaa cheupe: unga mweusi kidogo, hakuna vipande vya fedha. Uzi wa lehemu unasoma 0.06. Uso wa ganda la juu una rangi ya kijivu iliyotulia sawasawa, na hakuna ufa. Nimeligonga likiwa limetolewa, linalia vilevile.

Kilichobaki ni bushi ya pini ya pistoni, ambayo ina mchezo unaosikika kwa mkono. Hiyo ni ya shaba tupu, inakerezwa tu. Shimu nne za akiba zimefungwa kwenye karatasi na kutundikwa ndani ya kibanda cha injini, pamoja na vipimo vya kipini, ili atakayekaza beringi hii baadaye asianze kwa kubahatisha. Kiini cha milimita 50 kiko kwa mzee wa Mabatini. Kuna mwenye injini ya boti Igombe ambaye beringi yake imeachia vilevile, na maganda yake tayari yako kwenye magadi.